Je, Wajua? Tangi la Samaki Chumbani Bila Kelele

Je, wajua kwamba mngurumo wa tangi la samaki usiku mara nyingi hutoka kwenye pampu ya hewa? Ndani yake kuna kiwambo cha mpira kinachotetema mfululizo, na meza hutetema nacho. Iweke pampu juu ya sponji nene, mbali na ukuta, tena juu ya usawa wa maji, ili umeme ukikatika maji yasirudi kupitia mrija wa hewa na kumwagika.

Ukitaka utulivu zaidi, fuga betta, samaki wa asili ya Thailand anayeweza kuvuta hewa juu ya maji. Hahitaji mapovu, ila maji safi ni lazima. Madume wawili usiwachanganye, watapigana. Usiku zima taa: samaki huyu hana kope za kufumba, naye huhitaji giza apumzike.