Ruta za Ofisi Zinavyopigiana Simu kwa ISDN: Mpangilio Makini Huokoa Gharama

Mawasiliano ya kompyuta kati ya makao makuu ya ofisi na matawi yake hayakuanza na intaneti ya kasi inayotumika leo. Kwa miaka mingi, hususan barani Ulaya na nchini Japani, ofisi nyingi ziliunganishwa kwa ISDN, yaani mtandao jumuishi wa huduma za kidijitali, unaopitisha sauti na data katika laini moja ya simu. Nchini Japani, kampuni ya NTT ilianza kutoa huduma hiyo kibiashara mwaka 1988.

Laini ya msingi ya ISDN ina chaneli tatu. Mbili kati ya hizo, zinazojulikana kwa herufi B, hubeba sauti au data kwa kasi ya kilobiti 64 kwa sekunde kila moja. Ya tatu, inayojulikana kwa herufi D, ina kasi ya kilobiti 16 kwa sekunde na hubeba ishara za kupiga, kupokea na kukata simu. Kwa kuwa ishara hizo zina njia yake, simu huunganishwa kwa muda mfupi mno kuliko modemu za zamani zilizohitaji makumi ya sekunde.

Laini ya kukodi hulipiwa kila mwezi hata isipotumika, ilhali simu ya ISDN kwa kawaida hulipiwa kwa muda wa mazungumzo. Kwa sababu hiyo, ruta huelekezwa kupiga simu pale tu panapokuwa na kazi, kisha kukata kazi inapokwisha.

Ili hayo yafanyike, fundi hupanga mambo matano katika ruta za pande zote mbili. Kwanza, hutaja aina ya swichi ya kampuni ya simu. Ulaya hutumia kiwango cha pamoja cha Euro-ISDN, ilhali Marekani kuna aina kadhaa na baadhi hudai namba ya ziada ya utambulisho wa huduma. Pili, huonyesha mtandao wa upande wa pili, anwani ya ruta yake na namba ya simu ya kuufikia. Tatu, hubainisha ni data ipi inayostahili kupigiwa simu. Nne, huweka muda wa ukimya ambao ukipita, simu hukatwa. Tano, huweka uthibitisho wa utambulisho.

Uthibitisho huo ni muhimu kwa kuwa namba ya simu inaweza kupigwa na yeyote. Katika itifaki ya CHAP, ruta inayopigiwa hutuma swali lenye thamani ya kubahatisha; inayopiga huichanganya thamani hiyo na nenosiri la siri na kurudisha jibu lililokokotolewa. Nenosiri lenyewe halipiti katika laini, hivyo anayedukua simu halipati. Iwapo manenosiri ya pande mbili yatatofautiana hata kwa herufi moja, simu itaunganishwa kisha kukatwa papo hapo.

Kosa lenye gharama kubwa zaidi hutokea katika jambo la tatu. Itifaki ya RIP, inayozijulisha ruta kuhusu njia za mtandao, hutuma taarifa kila baada ya sekunde 30. Ikiwa taarifa hizo zitahesabiwa kuwa data inayostahili simu, na muda wa ukimya ni sekunde 120, saa ya ukimya itaanza upya kila mara kabla haijafika mwisho. Simu haitakatika usiku wala mchana, na ofisi italetewa ankara ya mwezi mzima bila kazi yoyote kufanyika. Dawa yake ni kuandika njia kwa mkono na kuziondoa taarifa hizo katika orodha ya data inayostahili simu.

Aidha, chaneli mbili za B zinaweza kuunganishwa na kutoa kilobiti 128 kwa sekunde. Hata hivyo, hizo ni simu mbili na hulipiwa mara mbili. Ni busara chaneli ya pili ifunguliwe tu pale ya kwanza inapoelemewa.

Ofisi nyingine huitunza ISDN kama njia ya akiba, ili ruta ipige simu laini kuu inapokatika. Njia ya akiba isiyojaribiwa mara kwa mara huweza kushindwa siku inapohitajika.

Zama za teknolojia hii zinafikia ukingoni. Huduma ya data ya ISDN ya NTT ilikoma mwaka 2024, na nchini Uingereza mtandao wa zamani wa simu, ISDN ikiwemo, umepangiwa kuzimwa ifikapo Januari 2027. Ofisi ambazo bado zina laini hizo hazina budi kukagua kila kifaa kinachozitegemea, zikiwemo ruta za akiba ambazo aghalabu husahaulika, kabla laini hazijanyamaza.