Memuari ya masteri: kaye za wamama wauza samaki wa Kilwa, nazo ni data

Familia nyingi za Kilwa, katika teritwari ya Pweto, zinajua hali hii. Mtoto alienda kusoma Lubumbashi, karibu kilomita 350 kutoka hapa. Wazazi waliuza samaki, wakauza mihogo, wakalipa pesa ya masomo. Sasa masomo yote yamekwisha, kumebaki kitabu kimoja tu: memuari. Mwaka unapita, wa pili unapita, kitabu hakitoki. Nyumbani watu wanaanza kuulizana kama mtoto anasoma kweli.

Kwa wale wanaosoma uchambuzi wa data za biashara, mara nyingi shida haiko akili. Mwanafunzi amechagua kazi ambayo data zake ziko mikononi mwa mtu mwengine. Anaandikia kampuni kubwa barua, anangoja. Anaambiwa arudi wiki ijayo. Miezi inaisha bila hata namba moja.

Lakini kuko data nyingine, karibu zaidi, ambazo hazihitaji barua ya kampuni.

Memuari hii inaomba nini?

Katika mpango wa LMD, masteri inafuata lisanse ya miaka 3, na yenyewe ni miaka 2, krediti 120. Mwishoni mwanafunzi anatetea kazi yake mbele ya wahakimu.

Katika fani hii, kazi haiko kuonyesha kama unajua programu ya kompyuta. Ni kusaidia mfanyabiashara akate shauri vizuri kuliko jana. Njia moja inayotumiwa sana duniani, inayoitwa CRISP-DM, ina hatua 6: kuelewa biashara yenyewe, kuelewa data, kusafisha data, kutengeneza hesabu, kupima kama hesabu ni ya kweli, na kuipeleka kazini. Ona vizuri: kompyuta inaingia sana hatua ya nne. Zile za kwanza unazifanya sokoni, kwa miguu.

Data za Kilwa ziko wapi?

Ziko kwenye kaye. Kilwa iko pembeni ya ziwa Moero, ng'ambo ni Zambia. Mpale na chisense zinatoka hapa kwenda kuuzwa mbali, mpaka Lubumbashi. Mama anayefanya biashara hii anaandika: nimenunua ngapi, gari limekula ngapi, nani ana deni. Kaye ya namna hiyo, ikijazwa mwaka mzima, inatosha kuanzisha memuari.

Tuchukue hesabu ya mfano tu. Mama ananunua mabeseni 10 ya chisense, kila moja franka 60 000: jumla 600 000. Gari 150 000. Ushuru wa njiani 50 000. Mvua inanyesha, mabeseni 2 yanaoza. Anauza 8 yaliyobaki kwa 110 000 kila moja: anapata 880 000. Faida ni 80 000.

Ukimuuliza kinachomuumiza, atasema gari. Sasa tupige hesabu. Bei ya gari ikikatwa nusu, faida inakuwa 155 000. Lakini kama angeokoa beseni moja tu kati ya yale 2, faida ingefika 190 000. Kwa hiyo mahali pazuri pa kukaushia samaki, penye kufunikwa wakati wa mvua, panaweza kumsaidia kuliko kugombana na dereva. Huo ndio uchambuzi wa data za biashara. Ukiufanya kwa kaye 20, na kwa miezi mingi, ni memuari.

Makosa yanayoangusha kazi

La kwanza ni vipimo. Beseni la huyu haliko sawa na la yule, na pesa ziko tatu: franka, kwacha na dola. Pima mabeseni kwa kilo. Geuza pesa zote kuwa aina moja, kwa bei ya kubadilisha ya siku ile ile, si ya leo.

La pili ni majira. Upande wa Zambia, uvuvi wa ziwa hili unafungwa kila mwaka kuanzia tarehe 1 mwezi wa 12 mpaka mwisho wa mwezi wa 2. Mtu akikusanya data za miezi mitatu ya kiangazi, kisha akatabiri bei ya mwezi wa kwanza, anajidanganya. Chukua mwaka mzima angalau. Miaka 2 ni bora.

La tatu ni kujisifu bila kujipima. Ficha miezi ya mwisho, tengeneza hesabu kwa miezi ya mbele yake, kisha uone kama inabahatisha ile uliyoficha. Ilinganishe pia na njia ya mama mwenyewe, ya kusema bei ya mwezi huu itafanana na ya mwezi uliopita. Kama hesabu yako haimshindi, andika hivyo. Wahakimu wanaheshimu matokeo madogo ya kweli.

Heshima kwa wenye kaye

Kaye ya biashara ni siri ya nyumba. Omba ruhusa kwa wakubwa wa soko na kwa kila mama. Usiandike majina, weka namba. Usimwonyeshe huyu faida ya mwenzake. Na usiondoke na kaye: piga picha pale pale, umrudishie.

Namna ya kumaliza

Chagua swali moja, na uliandike kwa sentensi moja ambayo mama yako anaweza kuelewa. Kabla ya kumpelekea mkurugenzi wa memuari kichwa cha kazi, hakikisha data tayari unazo. Programu kama R haiuzwi, unaipata bure. Na kwa sababu umeme hauna uaminifu, weka kopi ya kazi yako mahali pawili, kila siku.

Ukisha kutetea, kazi haijaisha. Rudi Kilwa, kaa chini na wale wamama, uwaambie kwa Kiswahili ulichokuta kwenye kaye zao. Samaki wao ndio waliolipa masomo, na hesabu hiyo nayo ni mali yao.