Waliofaulu na Bado Wanasubiri: Masjala ya Tabora na Hatua Moja ya Mfumo wa Ajira

Mfumo wowote wa kompyuta unaotumika kuajiri hujengwa juu ya kanuni iliyo nyepesi kuieleza na ngumu kuisimamia, kwamba kila mwombaji awe katika hatua moja inayojulikana, na kwamba asitoke katika hatua hiyo ila kwa sababu inayoweza kuandikwa. Katika Tanzania kanuni hiyo inatekelezwa kwa upana zaidi na Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma, chombo kilichotokana na marekebisho ya Sheria ya Utumishi wa Umma yaliyofanywa mwaka 2007, ambacho hupokea maombi kwa njia ya Ajira Portal na kuwapitisha waombaji katika mlolongo ambao vijana wengi wa Tabora, Nzega na Urambo wanaujua kwa moyo: ombi kupokelewa, vyeti kuhakikiwa, kuitwa kwenye usaili wa mchujo ambao ni mtihani wa kuandika, kisha usaili wa vitendo kwa kada zinazouhitaji, kisha mahojiano ya ana kwa ana, na hatimaye kupangiwa kituo cha kazi.

Hatua hizo karibu zote hujieleza zenyewe, kwa kuwa tangazo la kuitwa kwenye usaili hutaja siku, saa na mahali, humtaka msailiwa afike na vyeti halisi na kitambulisho, na humkumbusha kwamba chakula, usafiri na malazi ni juu yake mwenyewe. Ipo hatua moja, hata hivyo, ambayo inastahili kutazamwa kwa makini kuliko nyingine zote, nayo ni kanzidata, yaani hifadhi ya majina ya watu waliofaulu usaili lakini wakazidi idadi ya nafasi zilizokuwapo. Nafasi nyingine ya kada hiyo ikitokea, Sekretarieti inaweza kuchukua jina kutoka humo bila kutangaza upya, na ndiyo maana matangazo ya kuitwa kazini huchanganya majina ya waliosailiwa karibuni na ya waliokuwa wakisubiri tangu usaili uliopita. Utaratibu huo una busara yake, kwa kuwa huokoa fedha za umma na humpatia mwajiri mtumishi mapema. Lakini aliyefaulu na jina lake lisionekane katika orodha hasomi katika tangazo lile yeye ni wa ngapi, wala lini jina lake litatazamwa tena. Husoma tu, sawa na aliyeshindwa, kwamba asisite kuomba nafasi nyingine zitakapotangazwa. Watu wawili wenye hali zilizo mbali kabisa wanapewa jibu moja.

Ni ajabu kwamba dawa ya kasoro hiyo imekuwa ikifundishwa Tabora kwa miaka mingi. Kampasi ya Tabora ya Chuo cha Utumishi wa Umma, ambayo wazee wa mji bado huiita Chuo cha Uhazili, imewatoa makatibu mahsusi na watunza kumbukumbu waliosambaa katika ofisi za serikali nchi nzima, na kazi ya masjala, yaani idara ya ofisi inayofungua, kutunza na kusambaza majalada, ina nidhamu ambayo watengenezaji wa programu za kuajiri wangeweza kuichukua ilivyo. Barua ikiingia hupewa namba ya folio, yaani namba ya mfuatano wake ndani ya jalada, na jalada lenyewe lina namba yake ya kumbukumbu. Likitoka kwenda kwa afisa huandikwa katika kitabu cha mwendo wa majalada limekwenda kwa nani na siku gani. Likihamishwa kutoka meza moja kwenda nyingine, masjala hutakiwa kujulishwa. Karani aliyefunzwa vizuri haulizi tu jalada liko wapi, bali huuliza liko kwa nani, linangoja nini, na litarudi lini.

Swali hilo la mwisho ndilo lenye uzito hapa. Jalada ambalo shughuli yake haijaisha, na ambalo kwa sasa halina la kufanyiwa, halirudishwi kabatini likaachwa. Afisa huandika juu yake tarehe ya kuletwa tena mezani, karani huinakili tarehe hiyo katika shajara, na kila asubuhi, kabla ya kazi nyingine, hufungua ukurasa wa siku ile na kuyatoa majalada yote yaliyoahidiwa, hata kama jibu lililokuwa likingojwa halijafika, kwa sababu kutofika kwa jibu ni habari pia na afisa anapaswa kuijua. Katika utaratibu huo kusubiri ni kazi yenye mwenyewe na yenye siku yake, na jalada lisilo na tarehe huhesabiwa kuwa limepotea ingawa kila mtu analiona lilipo. Hakuna mtambo unaohitajika. Kinachohitajika ni daftari, kalamu na karani asiyechoka.

Kusubiri, kwa hakika, ni jambo la kale katika mji huu, ila zamani aliyesubiri alikuwa mwajiri. Mwandishi wa habari Henry Stanley alipoagana na mvumbuzi David Livingstone mwezi Machi 1872, Livingstone alibaki Kwihara, nje kidogo ya Tabora, akingoja wapagazi ambao mwenzake aliahidi kumchagulia pwani, na hakuweza kuondoka hadi watu wale, hamsini na kitu, walipofika katikati ya Agosti. Misafara iliyotoka Bagamoyo kwenda Ujiji ilikwama Unyanyembe, yaani nchi ya Tabora, mara kwa mara kwa kukosa wabebaji, kwa kuwa Mnyamwezi aliyekuwa na shamba la kulima hakuwa na haja ya kukubali mzigo wa frasila mbili, yaani zaidi ya kilo thelathini, mvua zikiwa karibu. Mpagazi alijadili ujira na posho kabla ya kuinua mzigo, na alimtazama kwanza kirangozi, yaani kiongozi anayetangulia mbele ya msafara, ndipo aamue.

Haifai kuupamba wakati huo. Tippu Tip, mfanyabiashara wa misafara ambaye baba yake aliishi Tabora na kuoa katika nyumba ya mtemi Fundikira, anasimulia mwenyewe katika habari za maisha yake jinsi wapagazi wa Kizaramo walivyomtoroka, naye akawafuata vijijini mwao, akakamata watu kwa mamia na kuwalazimisha kubeba. Hata hivyo mpagazi huru alikuwa na kitu ambacho mwombaji wa leo hana, nacho ni uwezo wa kujua papo hapo kama amechukuliwa au hakuchukuliwa.

Idadi zimegeuza mambo. Mwaka 2014 watu zaidi ya 10,000 walijaa Uwanja wa Taifa kusailiwa kwa nafasi 70 za Uhamiaji, na mwaka 2025 Mamlaka ya Mapato ilipokea maombi 135,027 kwa nafasi 1,596. Kwa wingi huo hakuna afisa anayeweza kumjibu kila mtu kwa mkono wake, na mtu mwadilifu hawezi kumlaumu kwa hilo. Lakini kompyuta inaweza, na programu za kuajiri zinazotumiwa na kampuni nyingi duniani humruhusu mwajiri kuipa kila hatua msimamizi, muda wa juu wa kukaa humo, na ujumbe unaotumwa wenyewe muda huo unapokwisha. Hiyo ni shajara ya masjala iliyotiwa ndani ya mashine.

Yapo mambo ambayo shajara peke yake haiyamalizi. Je, aliye katika kanzidata aelezwe nafasi yake katika foleni, ikiwa foleni hiyo inaweza kupinduliwa na usaili mpya utakaoleta watu wenye alama za juu zaidi? Je, akiomba tena kada ileile na safari hii akashindwa mtihani wa mchujo, ufaulu wake wa kwanza unabaki na nguvu gani? Na kwa kuwa matangazo ya kazi ya Sekretarieti huweka ukomo wa umri wa miaka 45, aliyefaulu akiwa na miaka 44 ahesabiwe umri wa siku aliyofaulu au wa siku atakayoitwa?