Je, Wajua? Kioo cha Bafu Hakirudiwi Kukatwa

Kioo kigumu cha kuzungushia bafu hupashwa moto kupita nyuzi joto 600, kisha hupozwa ghafla kwa hewa. Baada ya hapo, ukijaribu kukikata au kukitoboa, chote husambaratika vipande vidogo vidogo. Ndiyo maana kwa anayejenga Shelui, kwenye barabara kuu ya Singida–Nzega, mchoro wa kompyuta una thamani kubwa: kosa la sentimita moja halirekebishwi na fundi wa jirani, bali huagizwa kioo kingine. Katika programu kama SketchUp, chora kioo kwa unene wake halisi, tuseme milimita 10, kisha zungusha mlango uone kama utagonga sinki. Kipande cha unene huo, cha mita 2 kwa sentimita 90, kina uzito wa kilo 45, kwa hiyo bawaba na ukuta vifikiriwe mapema.

Wapo watakaosema futikamba ya fundi inatosha. Kweli, haikwepeki, maana programu huchora ukuta ulionyooka ilhali ukuta wa tofali na plasta mara nyingi huinama; pima upana chini, katikati na juu, ndipo uingize vipimo. Lakini futikamba haionyeshi mlango ukifunguka, wala tundu la bawaba linapoangukia bomba lililofukiwa ukutani.