Gitaa langu limekula samaki!

Msomaji, kama uliwahi kumwona mtu mzima na ndevu zake ameanika gitaa juu ya bati kama anaanika dagaa, basi huyo ndiye mimi. Usicheke kwanza. Ngoja nikupe mkanda mzima.

Gitaa lenyewe kwa haki si langu, ni la marehemu kaka yangu. Alilinunua mtumba, kwa mshahara wake wa kwanza, akawa analipiga kila jioni kibarazani kwetu Temeke mpaka kucha zake zikachora mikwaruzo pembeni ya tundu. Ile mikwaruzo naijua kama kiganja changu. Alipofariki, mama alilifunga kwenye kanga akaliweka juu ya kabati. Likakaa huko miaka miwili, masika yote yakalipitia. Sasa mdogo wetu wa kike kapata mchumba, tarehe ya sendofu ikapangwa, na mama akatamka mbele ya wageni kwamba mimi ndiye nitakayempigia bibi harusi gitaa la kaka yake. Hapo unakataaje?

Nikalishusha. Kasheshe! Tumbo limevimba kama la mtu aliyefuta sahani tatu za pilau. Nyuzi zimepaa, kuzibonyeza unahitaji nguvu za kugombea daladala saa kumi na mbili jioni. Nikalipeleka kwa fundi mmoja mjini, jina naliweka kapuni. Akaligonga gonga, akasema ubao wa mbele umekufa. Dawa yake: aung'oe, abandike plaiwudi mpya, apige rangi nyeusi, litakuwa bomba. Na wakati nikitafuta mshiko, nilianike juani likauke. Mimi na akili zangu timamu nikaanika. Siku ya pili, saa nane mchana, nikasikia pa! Ufa mrefu kama shibiri, kutoka kwenye daraja la nyuzi kwenda chini.

Nikadata. Sendofu ilikuwa siku kumi na mbili mbele.

Mshikaji mmoja akanielekeza Buguruni kwa mzee anayetengeneza vyombo vya muziki. Naye jina silitaji, maana hataki foleni mlangoni.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Umeleta mgonjwa au maiti?"

Akamulika tochi ndani ya tundu, akasoma ile karatasi ya ndani ambayo mimi siku zote nilidhani ni bei. Akakaa kimya. Kisha akaniambia kwamba ubao wa mbele ni Sitka, ubao mzima wa mti, si plaiwudi, na kwamba nikiung'oa nitabaki na boksi la viatu lenye nyuzi.

"Sitka ndiyo nini, mzee?"

"Mti wa huko kwenye barafu. Kasome, mimi nina kazi."

MTI UNAOPENDA UKUNGU

Basi nikaenda kusoma, na hapo ndipo nilipogundua kwamba nimelala chumba kimoja na maajabu bila kujua. Sitka ni aina ya msprusi, ndugu wa ile misindano tunayoiona Sao Hill ukielekea Mbeya. Jina limetokana na Sitka, mji na ghuba huko Alaska. Mzee kakosea kidogo tu, mti wenyewe si wa barafu bali ni wa mvua na ukungu. Unaota kwenye ukanda mwembamba wa pwani ya Pasifiki, kama kilomita 2,900 kuanzia Alaska, kupitia Kanada, hadi kaskazini mwa California. Hautaki kwenda mbali na bahari. Chumvi ya upepo wa bahari, inayoua miti mingine, huu unaivumilia. Majani yake ni sindano kweli kweli, ukiyashika yanakuchoma.

Urefu usipime. Kisiwani Vancouver, Kanada, uko mmoja unaofika kama meta 96. Piga hesabu ya ghorofa thelathini. Na mingine huishi zaidi ya miaka 700.

Kuna jambo lilinifurahisha zaidi. Mzee wa kule msituni akianguka, hatupwi. Chini kuna majani, kuvu na giza, mbegu inapata shida kuota. Lakini juu ya gogo lililolala kuna nafasi na mwanga kidogo, hivyo miche inaota pale pale mgongoni, mstari mmoja. Miaka inapita, gogo linaoza lote, na ile miti iliyokua juu yake inabaki imesimama kwa mizizi iliyotanuka kama mtu anayeruka mtaro. Ukiona Sitka zimepanga foleni msituni, jua chini yao alilala babu.

Halafu samaki. Samoni huzaliwa mtoni, huenda kukulia baharini, kisha hurudi mto ule ule kutaga na kufa. Dubu wanawasubiri pale. Wanamkamata samaki, wanamburuta msituni, wanakula minofu wanayoitaka na kuacha mengine yaoze. Mwaka 2001 watafiti Helfield na Naiman walichapisha kazi yao ya kule Alaska: miti ya kando ya mito yenye samoni ilipata karibu robo ya naitrojeni ya majani yake kutoka kwa samaki hao, na Sitka za hapo zilikua haraka kuliko za mito isiyo na samaki. Yaani mbolea inatoka baharini kwa miguu ya dubu! Siku hiyo nililitazama gitaa kwa jicho jingine. Sijui mti wake ulisimama mto gani, lakini nimeamua kuamini kwamba limekula samaki, na nadhani ndiyo maana liliponikuta naanika dagaa likakasirika.

KWA NINI GITAA?

Mzee alinifundisha hili kwa kugonga. Aligonga kipande cha mninga, kikasema ko. Akagonga kibao chembamba cha Sitka, kikaimba. Siri ni kwamba ubao huu ni mwepesi lakini haupindi ovyo. Uso wa gitaa ni wa milimeta tatu tu hivi, na nyuzi za chuma zikikazwa zinauvuta kwa nguvu ya zaidi ya kilo 70. Ni kama mtu mzima amening'inia pale mchana na usiku, na bado ubao unatakiwa utetemeke kwa kuguswa na ukucha. Kwa sababu hiyo hiyo, kampuni ya Steinway inatumia Sitka kwenye ubao wa sauti wa piano zake.

Ugonjwa wake ni hewa. Magitaa ya namna hii yanapenda unyevu wa asilimia 45 hadi 55. Dar yetu mara nyingi inapita 70. Ubao unakunywa maji na kutanuka, tumbo linatoka, gundi inaachia. Ukiukausha ghafla unajivuta kwa haraka na kupasuka. Kumbe fundi wa kwanza alinipa sumu nikaona ni dawa.

Sifa hizo hizo za wepesi na ugumu ziliupeleka mti huu vitani. Marekani ilipoingia Vita Kuu ya Kwanza mwaka 1917, ndege zilikuwa za mbao na vitambaa, na mbao iliyotafutwa ni hii. Tatizo, wakata magogo walikuwa wamegoma, wanataka kazi ya saa nane kwa siku. Serikali ikapeleka askari msituni, karibu elfu thelathini, wakapewa misumeno badala ya bunduki. Mwishoni, Machi 1918, zile saa nane zikakubaliwa. Nami kama mtu niliyewahi kufanya kibarua cha saa kumi na mbili bila chai, nawapa heko wale wagomaji.

Kisa kinachonikosesha usingizi hata hivyo ni cha mwaka 1997. Katika visiwa vya Haida Gwaii, Kanada, kando ya mto Yakoun, kulikuwa na Sitka mmoja wa ajabu. Majani yake yalikuwa ya dhahabu. Ulikuwa na miaka kama 300 na Wahaida, wenyeji wa visiwa hivyo, waliuita Kiidk'yaas. Kwao ulikuwa mtoto: kijana aliyekimbia maangamizi ya kijiji na babu yake, akaambiwa asigeuke nyuma, akageuka, akawa mti. Januari mwaka huo, bwana mmoja aitwaye Grant Hadwin, aliyekuwa mtaalamu wa ukataji magogo kisha akayachukia makampuni ya magogo, aliuogelea ule mto usiku wa baridi na msumeno wa mashine, akaukata mti ukabaki umeshikiliwa na ganda. Siku mbili baadaye upepo ukaumalizia. Kisa? Anapinga ukataji miti! Akashitakiwa. Akaondoka kwa mtumbwi mdogo wa kayak kwenda mahakamani, hakufika. Juni mtumbwi ulipatikana umevunjika. Yeye mpaka leo hajaonekana.

Na mti ule? Sehemu ya mbao yake iligeuzwa uso wa gitaa moja liitwalo Voyageur, lililopigwa hadharani kwa mara ya kwanza Ottawa, tarehe 1 Julai 2006. Nilipofika hapo katika kusoma, nilifunga kitabu nikaenda kulitazama la kaka.

Tusidanganyane lakini, si kila Sitka inapata bahati ya kuwa muziki. Kule Alaska, viwanda vya karatasi vya Ketchikan na Sitka vilivyofunguliwa miaka ya 1950 vilisaga magogo mengi ya zamani kuwa rojo, mpaka vilipofungwa miaka ya 1990. Na uso wa gitaa hautoki kwenye mti mchanga. Unaundwa na vipande viwili vilivyopasuliwa kutoka moyoni kwenda nje, vyenye mistari myembamba iliyonyooka, na upana huo unataka mti wa miaka mamia. Ukiukata leo, mjukuu wa mjukuu wako ndiye atakayepata mwingine. Waskoti wao, tangu David Douglas alipopeleka mbegu Uingereza mwaka 1831, wameipanda Sitka mpaka imekuwa mti wa biashara namba moja. Inavunwa ikiwa na miaka 40 hivi, inakuwa mbao za kujengea, uzio na karatasi. Wengi wao wanailalamikia, wanasema milima yao imefunikwa blanketi la giza.

Halafu cheki hii: zumari zile za mifuko za Waskoti zinachongwa kwa mpingo wetu. Wao wanasifia mti wa Kilwa, mimi nahangaika na mti wa Alaska. Mpingo ukiutia majini unazama, Sitka inaelea. Nimejaribu kwenye ndoo, kwa vipande alivyonipa mzee. Ni kweli.

Turudi Buguruni. Mzee aliliweka gitaa siku nne chumba chenye kivuli na taa ndogo, bila haraka. Akaingiza mkono tunduni, akabandika mbavu ya ndani iliyokuwa imeachia, akaibana. Ule ufa akaujaza gundi na kuushonea kwa ndani vibao vidogo. Tumbo likashuka, si lote. Rangi hakugusa. Nilipomwambia kwamba fundi wa kwanza alitaka kupaka nyeusi, alisonya.

Sendofu nilipiga nyimbo mbili, moja nilikosea katikati na wala hakuna aliyejua ila mimi na mpiga ngoma. Mama alikuja baadaye, watu wakiwa kwenye msosi. Akalipakata gitaa, akapitisha kidole kwenye mikwaruzo ya kaka taratibu, kisha kidole kikakutana na ufa. Akauliza kama na huo ni wa kaka.

Nikamwambia hapana mama, huo ni wangu.