MAWE YA KALE NI MALI YA TAIFA

Jembe la mkulima wa Kasulu na sururu ya mfanyakazi wa barabara kule Kibondo hugonga mawe kila siku. Mengi ni mawe tu. Lakini huenda siku moja likatokea jiwe lililochongwa kwa mkono wa mtu maelfu mengi ya miaka iliyopita. Tunaandika ili jiwe la namna hiyo lisiishie katika zege.

Jambo hili si la kubuni. Mwaka 1951, huko Isimila karibu na Iringa, msafiri aliyetoka Afrika Kusini aliyaona mawe yaliyochongwa, yamefukuliwa na maji ya mvua korongoni. Mwaka 1957 na 1958 mtaalamu Clark Howell alichimba mahali hapo, akapata mashoka mengi ya mawe yasiyo na mipini, ambayo umri wake hukadiriwa kuwa zaidi ya miaka 200,000. Karibu zaidi na Kasulu, kwenye chemchemi za chumvi za Uvinza, uchimbaji wa mwaka 1967 ulionyesha kuwa watu walipika chumvi hapo tangu karne ya tano au ya sita.

Vitabu vya wakati wa ukoloni vilipenda kuianza historia ya Kigoma mwaka 1858, Burton na Speke walipofika Ujiji. Mawe huushinda uongo huo bila kelele. Kabla ya mgeni kuja, palikuwa na mtu aliyechagua jiwe gumu, akaligonga kwa jiwe jingine, akapata makali ya kuchunia ngozi na kukatia nyama. Huyo naye alikuwa mfanyakazi.

Jiwe la kazi hutambulikanaje? Jiwe lililovunjika lenyewe huvunjika ovyo. Lililochongwa huonyesha makovu ya kubanduliwa yaliyofuatana ukingoni, mara nyingi pande zote mbili, mpaka yakafanya makali.

Lakini jiwe peke yake halitoshi. Umri wake husomwa katika tabaka la udongo lililolifunika, na katika vitu vilivyolala pamoja nalo. Likiondolewa na kuwekwa juu ya kabati, huwa kama shahidi aliyekatwa ulimi.

Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 huvilinda vitu vilivyotengenezwa na watu kabla ya mwaka 1863. Kwa hiyo twawasihi ndugu zetu: mkiliona jiwe la namna hiyo, msiliondoe, wala msimwuzie mpita njia. Wekeni alama mahali pale, kisha mpelekeeni habari mtendaji wa kijiji, naye aifikishe wilayani. Na viongozi wakipewa habari hiyo wasiicheke. Mkulima anayesimamisha jembe lake ili kulinda historia ya nchi anastahili kusikilizwa.