Baada ya Upasuaji wa Titi, Nyumba Nayo Ina Kazi

Ndugu msomaji, huenda wewe ni mfanyakazi wa Arusha, Moshi au Dar es Salaam, na nyumba yako ndiyo kituo cha jamaa wanaotoka Karatu na Ngorongoro kufuata matibabu. Pengine mgeni wako safari hii ni dada au shangazi aliyekatwa titi kwa sababu ya saratani, ugonjwa ambao miongoni mwa saratani za wanawake wa Tanzania unazidiwa kwa wingi na ile ya shingo ya kizazi tu. Ametoka hospitalini, nanyi mwashukuru. Lakini msidhani kwamba kazi imekwisha. Daktari ameondoa uvimbe. Raha ya mwili na utulivu wa moyo hutafutwa nyumbani.

Tuanze na mwili. Mara nyingi daktari hukata pia tezi za kwapani. Tezi hizo husaidia kuondoa maji mkononi, hivyo zikikosekana mkono wa upande ule waweza kuvimba, hata baada ya miaka. Bega nalo hukakamaa lisipotumiwa. Kwa hiyo siku za mwanzo mgonjwa akunje na kukunjua vidole, akunje kiwiko, na achane nywele zake mwenyewe. Mirija ya kutolea maji ikishaondolewa, na daktari akiruhusu, asimame mbele ya ukuta na kupandisha vidole polepole, kila siku juu kidogo kuliko jana. Alalapo, mto mdogo chini ya mkono humpunguzia maumivu. Mto huo huo aukumbatie ndani ya basi, maana kutoka Arusha hadi Karatu ni karibu kilomita 150, na Ngorongoro iko mbele zaidi.

Huko aendako kazi zinamngoja. Karatu ni nchi ya mahindi, maharage na ngano. Jembe na ndoo ya maji havina likizo. Ngorongoro, mama wa Kimasai ndiye akamaye ng'ombe, aletaye kuni, na ndiye ajengaye nyumba na kuikandika. Zote hizo ni kazi za mkono na bega. Hapana budi mumewe na watoto waambiwe waziwazi, kabla hajafika, kwamba hatabeba mzigo mzito mpaka daktari aseme, na kwamba baada ya hapo atazirudia kazi zake kidogo kidogo. Bangili za shanga zinazobana zivuliwe upande ule. Akichomwa na mwiba, aoshe kwa sabuni mara moja. Mkono ukiwa mwekundu, ukichemka, au homa ikipanda, apelekwe hospitali siku hiyo hiyo.

Sasa tutazame mavazi. Mama wengi huona haya kwa kuwa gauni limelegea upande mmoja. Fundi cherehani yeyote aweza kusaidia. Kata vipande viwili vya pamba laini, vishone viwe umbo la titi, ujaze sufi safi, kisha ushone mfuko ndani ya sidiria wa kulishikilia. Kovu likiwa bichi, liwe jepesi. Kovu likipona kabisa, tia ndani kifuko kidogo cha mtama mkavu ili lipate uzito na sidiria isipande juu. Kifuko hicho kitolewe kila linapofuliwa. Hata hivyo, asilazimishwe. Mshairi wa Marekani Audre Lorde, aliyekatwa titi mwaka 1978, aliamua kutovaa titi la bandia, na uamuzi ulikuwa wake.

Jeraha la moyo halina bandeji. Mama huyu aweza kulia bila sababu ionekanayo, kukwepa kioo, au kuoga gizani. Wapo watakaonong'ona kwamba amerogwa, au kwamba ugonjwa huambukiza. Kataeni maneno hayo mbele yake, na kuleni naye sahani moja. Nawe mume, usikihame kitanda kwa kisingizio cha kumpumzisha. Ukimya wako ataufasiri kwamba hatakiwi tena. Muulize kama yuko tayari kukuonyesha kovu, na akikuonyesha, usigeuze uso. Huzuni ikizidi wiki mbili, halali wala hali, mwelezeni muuguzi au daktari, kwa kuwa hilo nalo lina tiba.

Dawa nyingine ni mwenzake. Mwaka 1952, mjini New York, Bi Terese Lasser, aliyekuwa amekatwa titi, alianza kuwatembelea wanawake waliotoka kupasuliwa, akawaonyesha mazoezi na mavazi, na zaidi ya yote akawaonyesha kwamba yeye yu hai. Yeyote aliyepona katika mtaa au kijiji aweza kufanya vivyo hivyo kwa kikombe cha chai.

Basi, ndugu msomaji, umsindikizapo mgeni wako kituoni, hakikisha mkobani mna mto, kadi ya kliniki na tarehe ya kurudi. Na nauli ya tarehe hiyo, ianze kuwekwa leo.